Kubadili Gari la Moshi Katika Stesheni ya King's Cross, London

Mtu aliyezoea stesheni za kwetu hujua kwamba stesheni ni nyumba moja yenye jina moja, na gari likiwa limefika, limefika hapo. Hata Nakuru, mahali ambapo njia ya Kisumu na njia ya Eldoret huachana, msafiri wa zamani hakupata taabu kubwa. Aliuliza kwa karani, akaonyeshwa upande wake, akaketi juu ya mzigo wake akangoja. Tangu mwaka 2017, gari jipya la kutoka Mombasa lilipoanza kuishia Syokimau badala ya katikati ya mji wa Nairobi, tumeanza kuonja kidogo jambo ambalo watu wa London wamelizoea tangu enzi za mababu zao, yaani kushuka garini kabla ya kufika, na kutafuta gari la pili la kumalizia safari.

Siku hizi watu wetu wengi hupita London. Wako wauguzi wanaokwenda kufanya kazi katika hospitali za huko, wako wanafunzi, na wako wazazi wanaokwenda kuwatazama watoto na wajukuu. Wengi wao hushuka katika uwanja wa ndege wa Heathrow, kisha hupanda reli ya chini ya ardhi iitwayo Piccadilly, ambayo huwafikisha King's Cross kwa muda wa saa moja hivi pasipo kubadili gari. Hapo ndipo safari ya pili huanzia. Kutoka hapo huondoka magari ya Edinburgh, Newcastle, Leeds, Leicester, Nottingham, Sheffield, Cambridge, Brighton na Canterbury, na hata ya Paris na Brussels. Kwa ajili hiyo nimeona yafaa kuwaeleza wasomaji mahali hapo palivyo, kwa sababu taabu ya mgeni huanza hapo hasa, wala si angani.

Neno la kwanza la kujua ni kwamba mahali hapo si stesheni moja, ingawa katika ramani ya reli ya chini pameandikwa jina moja refu. Juu ya ardhi ziko stesheni mbili zilizotengwa na barabara nyembamba tu: King's Cross upande wa mashariki, na St Pancras upande wa magharibi. Chini yake iko stesheni ya tatu, ile ya reli za chini ya ardhi, nayo ina njia sita. Kila moja ya zile mbili za juu ina vibao vyake vya saa, majukwaa yake na makarani wake. Kibao kikubwa cha King's Cross huonyesha magari ya King's Cross. Kuhusu gari linaloondoka ng'ambo ya barabara hakisemi neno. Nadhani wageni wengi wanaopotea hapo wanajua kusoma vizuri sana, ila wanasoma kibao cha nyumba ya jirani.

Nilimwona mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa upande wa Nyeri, amesimama chini ya kibao hicho na masanduku mawili, amekaza macho juu. Nilimtambua kwa leso aliyojifunga na kwa namna alivyokuwa akijisemea polepole kwa Kikikuyu.

"Hujambo, mama? Unangoja gari la wapi?" nikamwuliza.

"Sijambo, mwanangu. Nangoja la Leicester. Binti yangu aliniambia nitazame kibao, nami nakitazama tangu saa tatu. Leicester haijaandikwa."

Nikamwomba tikiti yake. Gari lake lilibakiwa na dakika kumi na saba, tena tikiti ilikuwa ya bei nafuu, ya aina ile inayokubaliwa katika gari moja tu la saa moja tu. Likiisha kuondoka, karatasi hiyo haina thamani tena, na nauli inayonunuliwa siku ile ile yaweza kuwa mara mbili au tatu ya ile ya kwanza. Mama huyo angaliweza kusimama pale mpaka jioni pasipo kuona neno Leicester, kwa maana magari ya Leicester huondoka St Pancras. Tukatoka kwa mlango wa pembeni, tukavuka barabara, tukapanda kwa lifti, tukafika langoni zikiwa zimebaki dakika sita. Aliponiaga aliniuliza swali ambalo sijapata kusikia mtu mwingine akiliuliza: "Mbona Wazungu walijenga stesheni mbili mahali pa moja?"

Jibu la swali hilo ni kisa kizuri. Reli za Uingereza hazikujengwa na serikali, bali na makampuni yaliyokuwa yakishindana. Mwaka 1846 tume ya kifalme ilitoa shauri kwamba reli za kutoka kaskazini zisiruhusiwe kuingia katikati ya London na kubomoa majumba ya watu. Basi kila kampuni ikasimamisha stesheni yake ukingoni mwa mji wa wakati ule, kandokando ya barabara ile ile kuu. Euston ilikuwa imekwisha kujengwa mwaka 1837. King's Cross ilifunguliwa mwaka 1852 na kampuni ya Great Northern, na St Pancras mwaka 1868 na kampuni ya Midland. Hakuna kampuni iliyotaka abiria wake ahamie kwa mwenziwe kwa urahisi. Ndiyo sababu hata leo msafiri anayetoka kaskazini kwenda kusini mara nyingi hushushwa upande mmoja wa mji, naye hutafuta njia ya kuvuka mpaka upande wa pili.

Tena mtu atashangaa kuona kwamba katika King's Cross magari yapo sawasawa na barabara, lakini katika St Pancras ni lazima apande juu. Sababu yake ni mfereji wa maji uitwao Regent's Canal, unaopita nyuma ya stesheni zote mbili. Mainjinia wa King's Cross walichimba njia chini ya mfereji. Wale wa St Pancras walipitisha reli juu yake kwa daraja, kwa hiyo reli zao zilifika stesheni zikiwa juu. Nafasi iliyobaki chini ya majukwaa wakaifanya ghala ya mapipa ya bia iliyoletwa kutoka mji wa Burton, na nguzo za chuma wakazipima zipishane kwa kadiri ya mapipa. Ghala ile sasa ni maduka na ukumbi wa abiria wa kwenda Ulaya bara. Juu yake ni paa la chuma na kioo alilolibuni injinia William Barlow, upana wake wapata mita 73 pasipo nguzo hata moja katikati. Mwenye haraka halitazami paa hilo, na hilo ni jambo la kusikitisha.

St Pancras yenyewe, kwa hakika, ina ngazi mbili za magari, na hapo yataka uangalifu. Juu, jukwaa la 1 mpaka la 4 ni ya magari ya Leicester, Nottingham, Derby na Sheffield. La 5 mpaka la 10 ni ya magari ya Ulaya bara, nayo yamefungwa kwa kioo. Huwezi kuyafikia ila kwa kupita penye ukaguzi wa pasipoti kule chini. La 11 mpaka la 13 ni ya magari ya mwendo wa kasi yaendayo jimbo la Kent. Kisha, chini kabisa ya nyumba, yako majukwaa mawili yasiyo na namba bali herufi A na B, na hapo hupita magari ya Thameslink yanayovuka London toka kaskazini mpaka kusini, kama yale yaendayo Brighton na uwanja wa ndege wa Gatwick. Mtu wa Cambridge aangalie zaidi kuliko wote, kwa sababu magari ya Cambridge huondoka King's Cross, na mengine huondoka huku chini St Pancras.

Sasa tushuke katika reli za chini ya ardhi. Ya kwanza duniani ilifunguliwa Januari 1863, nayo ilipita hapa hapa, toka Paddington mpaka Farringdon, ili kuunganisha zile stesheni ambazo makampuni yalikuwa yameziacha kando ya mji. Magari yake yalivutwa kwa moshi chini ya ardhi, na abiria walikohoa mpaka mwisho wa safari. Leo njia hiyo ya juujuu hutumiwa na magari ya aina tatu, yaani Circle yenye rangi ya manjano, Hammersmith & City yenye rangi ya waridi, na Metropolitan yenye rangi ya zambarau. Zote tatu hutumia reli zile zile na majukwaa yale yale mawili. Gari likija mbele yako si lazima liwe lako. Soma maandishi ya usoni mwake au kibao cha jukwaani kabla ya kuingia.

Chini zaidi ziko njia tatu zilizochimbwa ndani sana kama mashimo ya fuko. Nazo ni Piccadilly ya mwaka 1906, rangi yake buluu iliyokoza. Northern iliyofika hapa mwaka 1907, rangi yake nyeusi. Na Victoria ya mwaka 1968, rangi yake buluu nyepesi. Wenyeji hufuata rangi hata pasipo kusoma majina, na mgeni naye aweza kufanya hivyo. Lakini rangi haitoshi. Kila njia ina pande mbili, na London hawaandiki kwamba gari hili laenda mjini na hili latoka mjini. Huandika upande wa dunia pamoja na stesheni ya mwisho. Atokaye Heathrow hupanda gari la mashariki liishialo Cockfosters, ingawa yeye hana ndugu wala shughuli yoyote Cockfosters. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani yafaa mtu aandike katika kipande cha karatasi mambo matatu: jina la njia, jina la stesheni ya mwisho ya upande aendao, na jina la mahali atakaposhuka. Simu za siku hizi huonyesha hayo yote, lakini betri ya simu hufa, na chini ya ardhi mawimbi yake hayafiki kila mahali. Karatasi haifi.

Njia ya Northern ina hila yake. Katikati ya mji imegawanyika matawi mawili, moja lapita Bank na jingine lapita Charing Cross. King's Cross iko katika tawi la Bank. Mtu wa Waterloo akipanda hapa kuelekea kusini bila kuuliza, ataona majina asiyoyatarajia. Afadhali aende Euston, stesheni moja tu, ambako matawi yote mawili hukutana, abadili gari hapo. Ramani ile maarufu iliyobuniwa na Harry Beck na kutolewa mwaka 1933 haimsaidii sana katika jambo kama hili la umbali. Ilichorwa kwa mistari iliyonyooka ili isomeke, si ili ipimwe. Stesheni mbili zinazoonekana mbali katika karatasi huenda zikawa hatua chache kwa miguu, na alama moja ya kubadili gari yaweza kuficha mwendo mrefu wa njia za chini na ngazi.

Jambo hili la mwendo hufanya wageni wengi wakate tamaa. Chini ya ardhi hapo ziko kumbi tatu za tikiti. Moja iko mbele ya King's Cross, ya pili mbele ya St Pancras, iliyofunguliwa mwaka 2006, na ya tatu upande wa kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 2009. Mara nyingine vibao vyenyewe humpitisha msafiri katika njia ndefu ya ukumbi wa kaskazini ingawa iko iliyo fupi, kusudi msongamano wa watu ugawanyike. Basi ukijiona unatembea na kutembea, na rangi ya njia yako ingali ukutani, usirudi nyuma. Hujapotea. Ukifika penye ngazi zinazojiendesha zenyewe, simama upande wa kulia na mzigo wako mbele yako. Upande wa kushoto ni wa wenye haraka, nao hawana subira. Mwenye masanduku mazito au magoti mabovu asione haya kufuata alama ya lifti, kwa kuwa katika stesheni hii lifti zafika mpaka kwenye majukwaa ya njia zote sita.

Ngazi hizo zina historia ya majonzi. Zamani zilikuwa za mbao. Jioni ya tarehe 18 Novemba 1987 kijiti cha kiberiti kilianguka katikati ya ngazi ya Piccadilly, kikawasha mafuta na takataka zilizokusanyika chini yake. Mwanzoni moto ulionekana mdogo. Abiria wakaelekezwa wapande kwa ngazi za Victoria ili watoke nje, lakini ngazi hizo nazo ziliishia katika ukumbi ule ule wa tikiti, na ghafula moto ukaruka na kuujaza ukumbi wote. Watu 31 walikufa, mmoja wao akiwa Colin Townsley, mkubwa wa kikosi cha wazima moto. Baada ya hapo ngazi za mbao ziliondolewa katika reli za chini, ya mwisho ikiondolewa mwaka 2014 katika stesheni ya Greenford. Kuvuta sigara kulikuwa kumekwisha kukatazwa kabla ya siku ile. Mtu akiona askari wa stesheni anamkemea mvuta sigara kwa ukali, ajue sababu. Na tangazo la kuwataka watu watoke likisikika, wenyeji hutoka mara moja, hawangoji kujua kama kuna moshi.

Nirudi kwenye tikiti. Tikiti nyingi za kutoka London zimeandikwa "London Terminals", maana yake stesheni za mwisho za London, pasipo kutaja ni ipi. Maneno hayo huwapoteza hata wenye elimu. Stesheni yako ni ile ambayo magari ya njia yako huondokea, nayo hupatikana katika karatasi ya nafasi uliyowekewa, au kwa kuuliza. Tikiti ya kuvuka London, kwa mfano toka Brighton mpaka Edinburgh, huwa na alama kama msalaba mdogo. Alama hiyo yasema kwamba nauli ya reli ya chini toka stesheni hata stesheni imekwisha kulipwa, usilipe tena. Asiye na tikiti ya namna hiyo hugusisha kadi ya benki au kadi ya Oyster penye duara la manjano langoni anapoingia, na tena anapotoka. Kadi ya kuingilia iwe ndiyo hiyo ya kutokea. Mume akiingia kwa kadi ya mkewe na kutoka kwa yake, mashine huwahesabu kama watu wawili waliosahau kumaliza safari, na kila mmoja hutozwa nauli kubwa.

Anayekwenda Paris asidhani kwamba hayo ni mabadiliko ya gari kama mengine. Magari hayo yalianza kutumia St Pancras Novemba 2007, baada ya kuondolewa Waterloo. Askari wa mipaka wa Ufaransa hukagua pasipoti papo hapo London, kabla ya abiria kupanda, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Kenya hukutana na mpaka wa Ulaya ndani ya ghala ile ya bia. Viza ya Uingereza haimpitishi. Ni lazima awe na viza ya Schengen, na asiye nayo hurudishwa hapo langoni hata akiwa na tikiti iliyolipwa kwa ukamilifu. Milango nayo hufungwa muda mrefu kabla ya gari kuondoka, kwa kawaida nusu saa, na abiria hutakiwa kufika mapema kuliko hapo. Nimesikia watu wakipanga kushuka Heathrow asubuhi na kupanda gari la Paris saa mbili baadaye. Foleni ya pasipoti ya Heathrow peke yake yaweza kuzimeza saa hizo mbili zote.

Kuhusu wakati, shauri langu ni hili. Wenye reli huhesabu kwamba robo saa yamtosha mtu kubadili gari katika stesheni kama hii. Robo saa hiyo ni ya mtu mwenye mkoba mmoja anayeijua njia. Mgeni mwenye masanduku na ajitengee saa nzima. Akibakiwa na muda, katika St Pancras pana viti, na pana piano ambayo mpita njia yeyote huruhusiwa kuicheza. Nimesikia hapo vijana wakipiga vizuri kuliko wanaolipwa. Tena namba ya jukwaa mara nyingi huonyeshwa dakika chache tu kabla ya kuondoka, kisha watu wote huenda kwa pamoja kama kondoo waliofunguliwa zizi. Asiogope, kiti kilichoandikwa katika tikiti yake ni chake.

Wafanyakazi wa stesheni huvaa fulana za rangi kali ili waonekane, nao huulizwa maswali haya haya mchana kutwa. Waingereza wengine hawaanzi kusema na mtu, lakini ukiwauliza hujibu kwa upole. Uliza kwa kutaja mji unaokwenda pamoja na saa ya gari lako. Ukiuliza tu "gari la Cambridge liko wapi?" utapata jibu la kweli ambalo huenda likakupeleka kwenye gari la mtu mwingine.

Anayekwenda Birmingham, Manchester, Liverpool au Glasgow kwa kawaida hatapata gari lake katika nyumba hizi mbili, aende Euston. Ramani humwonyesha ashuke tena chini ya ardhi kwa stesheni moja. Kwa maoni yangu ni kazi bure, hasa kwa mwenye mizigo, kwa maana kushuka na kupanda huchukua muda kuliko safari yenyewe. Atoke nje kwenye barabara kuu, Euston Road, ageukie magharibi, aipite maktaba kubwa ya taifa yenye matofali mekundu, na kwa robo saa ya mwendo wa polepole atakuwa amefika.

Naye anayerudi Heathrow akapande Piccadilly ya upande wa magharibi. Atazame uso wa gari vizuri, kwa sababu mengine huacha njia pale Acton Town yakaenda Uxbridge, na hata yale ya Heathrow si yote yanayofika kila kituo cha ndege. Mengine huenda namba 4, mengine namba 5. Namba ya kituo chake imeandikwa katika karatasi ya ndege.